Mgonjwa wa Upasuaji na Huruma Yetu Inayomlaza



Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Kanisa huiadhimisha tarehe 11 Februari tangu mwaka 1993, huwa na sura yake katika parokia zetu za huku Kagera. Wagonjwa huletwa kanisani kwa kila namna: kwa pikipiki, mgongoni, kwa mkono wa mjukuu, na wengine wakiwa wameketi katika viti vya plastiki vilivyobebwa na vijana wawili wenye nguvu. Katika Misa hiyo mwaka huu, kati ya waliobebwa katika viti, alikuwamo mama mmoja ambaye mwaka jana nilimkuta akipalilia maharage katika kibanja chake, akiimba. Nilifahamu kwamba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, lakini ilikuwa imekwisha kupita miezi mitatu. Baada ya Misa nikamwita mwanawe mkubwa kando, nikamwuliza kama daktari amemkataza mama yake kutembea. Akanijibu kwa fahari isiyo na hila hata kidogo: "Hapana, Padri. Daktari alisema atembee. Lakini waitu, sisi watoto wake tupo. Atembee kwa nini?"

Jibu hilo limenikaa moyoni juma zima. Si jibu la mtoto mbaya. Ni jibu la mtoto mwema kupita wengi, ambaye ameuza ndizi na mbuzi ili mama yake apate matibabu, na ambaye sasa anamtunza kwa namna anayoifahamu, yaani kumlaza, kumfunika, kumlisha na kumkataza asiguse chochote. Nathubutu kusema kwamba huruma ya namna hii, njema katika nia yake, inawadhuru wagonjwa wetu wa upasuaji, na wengine inawaua. Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kushiriki.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado paroko msaidizi katika parokia nyingine, mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa kijiji kile kusoma, alipasuliwa kwa sababu ya utumbo uliojisokota. Upasuaji ulikwenda vyema. Siku ya pili nikaenda wodini kumpelekea Komunyo Takatifu. Nikamkuta muuguzi, binti mdogo tu, akimsihi mzee aketi ukingoni mwa kitanda, ashushe miguu, avute pumzi ndefu na kukohoa. Mzee alikuwa na maumivu, naye akanitazama kwa macho ya mtu anayeomba kuokolewa. Nikaingilia kati. Nikamwambia yule binti, kwa sauti ya upole lakini yenye mamlaka ya kanzu niliyoivaa: "Dada, mwache mzee apumzike kidogo." Akaniheshimu. Akamlaza tena, akaondoka. Ndugu wa mzee wakanishukuru, nami nikatoka mle nikijiona nimetenda tendo la huruma. Siku ya sita mzee akashikwa na homa na kubanwa kifua. Siku ya tisa tukamzika. Daktari alinieleza kwa maneno machache kwamba kidonda kilikuwa kikipona. Kilichomchukua ni mapafu.

Sijisemi kwamba nilimuua. Mzee alikuwa na umri mkubwa, na sababu za kifo mara nyingi ni zaidi ya moja. Ila najua kwamba katika wodi ile alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua la kufanya, nami nilitumia heshima ya upadri wangu kumnyamazisha.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza madaktari na wataalamu wa fiziotherapia kila ninapopata nafasi. Hawa wa fiziotherapia ndio watu wa mazoezi ya viungo, ambao hospitalini huonekana wakimshika mgonjwa kiunoni na kumhesabia hatua. Walinifundisha jambo ambalo sikulisikia seminarini, ingawa tulifundishwa mengi juu ya mwili na roho. Mtu aliyepasuliwa tumbo au kifua huogopa kuvuta pumzi kwa sababu ya maumivu, naye hupumua kwa juu juu kama kitoto cha ndege. Sehemu za chini za mapafu hazipati hewa, zinasinyaa, na makohozi yanatuama mle kama maji katika shimo la matofali. Ndipo nimonia inapoingia. Wakati huohuo damu ya miguuni, ambayo husukumwa kurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, inatulia. Ikitulia sana huganda, na bonge hilo la damu likisafiri hadi mapafuni mtu anaweza kufa ghafla, huku ndugu wakisema alikuwa anaendelea vizuri. Utumbo nao hulala pamoja na mwenye nao, tumbo linajaa gesi, chakula hakipiti. Ngozi ya makalio na visigino inaanza kuoza kwa kugandamizwa. Na misuli ambayo haikutumika inayeyuka kwa haraka inayotisha.

Kuhusu hiyo haraka, kuna jaribio moja ambalo wataalamu wengi hulitaja. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka 20, wakawalaza kitandani kwa majuma matatu. Hawakupasuliwa, hawakuugua, walilala tu. Walipoinuliwa, uwezo wa miili yao kutumia hewa katika kazi nzito ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watafiti waliwarudia watu walewale, sasa wakiwa na umri wa miaka 50, wakawapima upya. Ikaonekana kwamba hakuna hata mmoja kati yao ambaye miaka 30 ya uzee ilikuwa imempunguzia nguvu kiasi kile kilichopunguzwa na majuma matatu ya kitanda. Ikiwa ndivyo kwa kijana wa miaka 20 aliyekula na kushiba, tumfikirie bibi wa Nshamba au Kamachumu mwenye miaka 70, aliyepoteza damu, ambaye tumemwekea kitanda sebuleni na kumwambia asijisumbue.

Wengine wataniambia, Padri, hii ni desturi yetu, mgonjwa hasumbuliwi. Nami nashuku kwamba desturi hii kwa sehemu tumeichukua hospitalini. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani wenyewe waliamini kwamba aliyepasuliwa hana budi kulala chali majuma mawili au matatu hadi kidonda kifunge, na wamisionari waliotuletea hospitali walikuja na udaktari wa wakati wao. Bibi zetu waliolazwa humo walirudi nyumbani na somo hilo. Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1940 daktari Daniel Leithauser wa Detroit alikuwa akiwatembeza wagonjwa wake siku ileile ya upasuaji au kesho yake, na Vita ya Pili ya Dunia, ambayo ilileta majeruhi wengi kuliko vitanda, iliwalazimisha wengine kumfuata. Wakaona kwamba nyuzi hazikukatika na kwamba wagonjwa walipona upesi zaidi. Hospitali zimekwisha kubadilika, lakini sebule zetu bado zinafuata somo la bibi.

Hofu ya nyuzi kukatika ndiyo kubwa kuliko zote, nami siidharau, kwa maana mwenye kidonda anahisi kwamba akikohoa atafunguka. Njia waliyonionyesha wataalamu ni nyepesi kiasi cha kumfanya mtu acheke. Kunja kanga au shuka iwe kama mto mdogo, ikandamize juu ya kidonda kwa mikono miwili, kisha kohoa. Maumivu yanapungua, na kidonda kinalindwa. Kila saa mgonjwa akiwa macho, avute pumzi ndefu kwa pua, aishike kidogo, aiachilie polepole, mara kumi. Vidole na vifundo vya miguu avipige juu na chini hata akiwa bado amelala. Na kuinuka kuna namna yake: ageukie ubavu kwanza, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono, badala ya kuvutwa mikono yote miwili kama mtu anayetolewa kisimani. Aombe dawa ya maumivu mapema, kabla ya zoezi. Kuvumilia maumivu makali hadi ushindwe kupumua si fadhila ya Kikristo, na ninawaomba akina mama wa WAWATA, ambao najua uvumilivu wao, wanielewe hapo.

Kuna kosa lingine la huruma ambalo nimeliona mara nyingi zaidi, nalo ni la mto wa kulalia. Siku hizi ugonjwa wa kisukari umekuwa mwingi, na pamoja nao watu wanaokatwa miguu. Nilimtembelea mgonjwa mmoja wa namna hiyo huko Ihangiro, mtu aliyekatwa chini ya goti. Nilimkuta amelala vizuri sana, na chini ya goti la mguu uliokatwa mkewe alikuwa ameweka mto laini, wenye foronya iliyofumwa kwa mkono, kusudi goti lipate faraja. Kweli lilipata faraja. Likakunjika, likazoea, na baada ya wiki kadhaa misuli ya nyuma ikawa mifupi, goti likakataa kunyooka. Alipokwenda kupimwa mguu wa bandia akaambiwa kwamba hauwezi kuvaliwa na goti lililokunjika. Mtu wa fiziotherapia anachosema ni kinyume kabisa cha anachosema mke mwenye upendo. Kigutu kilale kimenyooka, kisiwekewe mto chini ya goti. Mgonjwa alale kifudifudi kwa muda kila siku ili nyonga isikunjike, na goti linyooshwe mara kwa mara ingawa linauma. Yule mama, nilipomweleza, alilia. Alikuwa akiufua ule mto kila Jumamosi.

Yanayofanyika kabla ya upasuaji ndiyo tunayoyasahau zaidi. Mgonjwa wetu akishaambiwa atapasuliwa mwezi ujao, tunaanza kumlaza tangu siku hiyo, kana kwamba nguvu ni akiba ya fedha ambayo usipoitumia inaongezeka. Haiongezeki. Mwenye ngiri, mwenye nyonga iliyochakaa, mwenye uvimbe tumboni, akienda kwa daktari baada ya mwezi mmoja wa kitanda anaingia chumba cha upasuaji akiwa tayari amepoteza nusu ya mapambano. Kama daktari hakumkataza, na atembee: hadi kwa jirani, hadi mwisho wa kibanja, kesho hadi barabarani, kila siku mbele kidogo. Asimame kutoka kitini na kuketi tena bila kushika, mara tano, kisha kumi. Mvutaji sigara, na mzee mwenye kiko chake, aache angalau wiki nne kabla. Na ale chakula cha kujenga mwili. Sisi watu wa ndizi tunapenda sahani ijae matoke, lakini nyama ya kufunga kidonda inajengwa na maharage, dagaa, samaki na mayai, ambayo huko nyumbani yapo, ila mara nyingi tunamwekea mgeni.

Juu ya mazoezi ya pumzi kabla ya upasuaji, ulitolewa mwaka 2018 utafiti mmoja uliofanywa katika hospitali za Australia na New Zealand kwa watu wapatao 440 waliokuwa wakisubiri kupasuliwa sehemu ya juu ya tumbo. Wote walipewa kijitabu cha maelezo. Nusu yao, zaidi ya kijitabu hicho, walikaa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa nusu saa, mara moja tu, akawaeleza kitakachotokea kwenye mapafu yao na kuwafundisha namna ya kupumua mara watakapozinduka. Kati ya waliopewa kijitabu peke yake, 27 katika kila mia walipata matatizo ya mapafu. Kati ya waliopata ile nusu saa, 12 katika mia. Hapakuwa na mashine yoyote wala dawa. Mtu mmoja alizungumza na mwenzake kabla hofu na maumivu havijamziba masikio. Nilipousoma nilifikiri juu ya yule binti muuguzi aliyekuwa akijaribu kumfundisha mzee siku ya pili, akiwa tayari ana maumivu, mbele ya padri asiyejua.

Na mahali petu ndipo jambo hili lingefaa kuliko kwingine. Mwaka huohuo wa 2018 ilitolewa taarifa ya utafiti mkubwa wa upasuaji katika nchi 25 za Afrika, uliowahusu wagonjwa zaidi ya 11,000. Theluthi moja walikuwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Kwa jumla wagonjwa walikuwa vijana na wenye afya kuliko wagonjwa wa nchi tajiri, na bado walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia. Tena zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Maana yake ni kwamba hatari yetu kubwa inaanza pale tunapomshukuru Mungu kwamba upasuaji umekwisha. Sababu ziko nyingi, maambukizi yakiwa mbele ya yote, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kutembea kunatibu kila kitu. Lakini zile siku za wodini na za nyumbani, ambazo mgonjwa yuko mikononi mwetu sisi ndugu, ndizo siku za hatari.

Sasa niseme neno kuhusu kutembelea wagonjwa, tendo jema ambalo Bwana mwenyewe ametuagiza. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zinalitimiza kwa bidii, na pengine kwa bidii iliyozidi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, kitanda kimoja kinazungukwa na watu kumi na wawili, wawili wameketi miguuni pa mgonjwa, naye hawezi kujigeuza. Na lipo jambo ambalo hatulisemi waziwazi. Mgonjwa anajua kwamba akikutwa anatembea uani watu watasema hakuwa mgonjwa hasa. Mchango wa jumuiya umetolewa, ndugu wa Dar es Salaam wametuma fedha, naye aliyechangiwa anajisikia ana wajibu wa kuonekana ameugua kiasi cha mchango. Nimemsikia mama mmoja akimwambia binti yake aliyetoka kupasuliwa, "Lala, wageni wanakuja." Jamani! Tunamlipia mtu matibabu apone, kisha tunamtaka asionekane amepona. Ningefurahi kama jumuiya moja tu ingebadili namna: mkifika, wawili mshikeni mgonjwa mkono, tembeeni naye hadi mwembeni na kurudi, ndipo msali.

Najua kwamba lawama haiwezi kuwa yote juu ya familia. Mtaalamu wa fiziotherapia ni adimu. KCMC kule Moshi imewafundisha wengi, lakini wakisambazwa nchi nzima wanatoweka kama chumvi ziwani. Mkoa wetu, ukiacha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba, unategemea sana hospitali za makanisa, na wilaya ya Muleba peke yake inazo Rubya na Kagondo za jimbo letu, na Ndolage ya ndugu zetu Walutheri. Katika hospitali nyingi za vijijini nchini, mtu wa mazoezi akiwapo ni mmoja kwa wodi zote, akienda likizo hakuna anayeshika nafasi yake. Sisi wenye hospitali za Kanisa tunapoomba misaada huwa tunaomba jengo na mashine, kwa kuwa jengo linapigwa picha na kuwekewa kibao cha mfadhili. Ni nadra kuona ombi la mshahara wa mtu wa kuwatoa wagonjwa kitandani. Nimewahi kuketi katika vikao vya namna hiyo nami sikunyanyua mkono, kwa hiyo nasema hili kwa aibu.

Hata hivyo mwenye kukaa na mgonjwa usiku na mchana huku kwetu ni ndugu anayemuuguza, ambaye amelala chini ya kitanda kwenye mkeka. Mwuguzi mmoja hawezi kuwainua wagonjwa 30, lakini anaweza kuwafundisha ndugu 30 kwa nusu saa, wote kwa pamoja, pale uani wanapopika. Sioni gharama yake ni nini.

Watu wa Bukoba hawajasahau Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipobomoa nyumba zetu na kuwajeruhi mamia ya watu, wengi wakivunjika mifupa. Na tangu hapo bodaboda zimeendelea kutuletea tetemeko dogo kila siku. Mfupa wa paja uliovunjika zamani uliponywa kwa kuning'inizwa uzito wiki nyingi, mtu amelala chali. Siku hizi, panapo daktari wa mifupa na vifaa, huingizwa chuma ndani ya mfupa, na mojawapo ya faida zake kuu ni kumwezesha mgonjwa kuamka mapema na magongo. Kijana akiwekewa chuma hicho Bugando, kisha akarudi Muleba na kulala miezi miwili kwa sababu mama anaogopa, goti litakakamaa na faida ile itakuwa imetupwa. Ni kiasi gani cha uzito anaruhusiwa kuukanyagia, hilo ni la daktari wake kusema, nanyi mwulizeni kabla hamjatoka wodini. Tena safari ya kutoka Mwanza ni ndefu hata sasa ambapo daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, na kivuko hakitusubirishi. Katika basi, mgonjwa apige vifundo vya miguu njia nzima, na basi likisimama ateremke, asimame. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, msingoje kesho. Rudini hospitali iliyo karibu.

Wapo ambao hawapaswi kuinuliwa bila ruhusa mahususi, kama waliopasuliwa uti wa mgongo au waliounganishwa mfupa ambao bado haujashika. Msichukue maneno ya paroko kuwa cheti cha daktari. Swali la kumwuliza daktari ni fupi: aanze lini, afanye nini, asifanye nini.

Papa Fransisko alipopasuliwa utumbo mkubwa tarehe 4 Julai 2021 katika hospitali ya Gemelli, akiwa na miaka 84, aliondolewa sentimita 33 za utumbo. Siku mbili baadaye Vatikani ikatangaza kwamba ameamka na kutembea, na Jumapili iliyofuata alisali Malaika wa Bwana akiwa amesimama katika roshani ya ghorofa ya kumi. Na alipolazwa tena kwa nimonia ya mapafu yote mawili, Februari na Machi 2025, taarifa za kila siku zilitaja fiziotherapia ya pumzi na ya viungo pamoja na dawa na sala. Alirudi nyumbani tarehe 23 Machi, akaitwa na Bwana mwezi uliofuata. Hakuna aliyesema kwamba madaktari walimkosea adabu mzee kwa kumfanyisha mazoezi.

Sisemi kwamba kitanda hakina neema. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, akalazwa miezi mingi, na katika kulala huko akasoma habari za Kristo na za watakatifu hadi akaongoka. Bila kitanda kile pengine tusingewapata Wajesuiti. Lakini alichechemea maisha yake yote. Mimi huwakumbuka zaidi wale wanne waliomshusha mwenye kupooza kupitia darini. Walimbeba, na heri yao. Ila mtu yule hakurudi nyumbani akiwa amebebwa. Aliambiwa alichukue godoro lake yeye mwenyewe. Na yule mama mkwe wa Petro, Bwana alimshika mkono akamwinua, naye siku ileile akawahudumia wageni. Sijawahi kusikia mhubiri akilalamika kwamba walipaswa kumwacha apumzike.

Jumatano nilikwenda nyumbani kwa yule mama wa kiti cha plastiki. Tulianza na hatua sita, kutoka kitandani hadi mlangoni, mimi upande mmoja na mwanawe mkubwa upande mwingine. Mama alitetemeka, akanung'unika kwa Kihaya maneno ambayo sitayaandika hapa. Ijumaa mwanawe alinipigia simu kwamba amefika jikoni na kukosoa namna wakwe zake wanavyomenya ndizi. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, mtaalamu mmoja wa fiziotherapia amekubali kuja katika ukumbi wa parokia kuwafundisha wanaouguza. Kila familia yenye mgonjwa aliyepasuliwa, au anayesubiri kupasuliwa, ilete mtu mmoja na kanga moja ya kukunja. Viti vya kubebea wagonjwa viacheni nyumbani, isipokuwa kwa wale ambao daktari amesema.